ALIYEMTESA MFUNGWA ASHTAKIWE?

Somo letu leo ni la sheria. Ofisa wa serikali akimtesa mfungwa, je, serikali imshtaki ofisa wake huyo? Au imwache, mambo yaishe?

Kwanza tuelewane. Kumfunga mtu kwa hukumu ya mahakama si kumtesa. Kumtesa ni kumpiga, kumchoma au kumnyima chakula kwa makusudi, ili akiri jambo au ili akomeshwe.

Yaliyotokea Hola

Hola iko Kenya, karibu na mto Tana. Wakati wa ukoloni Waingereza walikuwa na kambi hapo. Waliwaweka kizuizini watu waliosemekana ni Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 baadhi yao walitolewa ili walazimishwe kufanya kazi. Askari wakawapiga kwa virungu. Watu 11 walikufa. Wengine wengi waliumia vibaya.

Wakubwa wakatangaza eti watu wale walikufa baada ya kunywa maji! Maiti zilipopimwa, ikaonekana ni kipigo. Hata hivyo hakuna ye yote aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Serikali ya kikoloni ilisema haiwezi kujua nani alimpiga nani. Mkuu wa kambi alistaafishwa, basi.

Miaka mingi baadaye wazee walioteswa katika kambi za wakati ule walifungua kesi London. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa. Ikakubali kulipa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228. Miaka 54 ilikuwa imepita tangu Hola, na wengi walikwisha kufa. Fedha zilitoka, lakini waliotoa amri hawakusimama kizimbani.

Yaliyotokea kwetu

Mwaka 1976 polisi na watu wa usalama waliwakamata watu wengi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Walikuwa wakiwatafuta wauaji. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafa. Safari hii mambo hayakufichwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumtesa mtu kwa mkono wake. Na baadhi ya maofisa walishtakiwa, wakafungwa.

Tupime hoja

Wako wanaosema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo inafaa kwa majirani waliogombana wakapatana. Lakini mtesaji akiachwa leo, kesho atamtesa mwingine. Huko ndiko kuganga yajayo?

Wengine husema, "Askari alitii amri tu." Amri ya kutesa si halali. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza kumtesa mtu. Basi ajibu aliyepiga, na ajibu aliyeamuru.

Wengine huogopa kwamba polisi watashindwa kuwakamata wahalifu. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu akizidiwa na maumivu hukiri hata asilolitenda. Asiye na kosa anafungwa, na mwizi mwenyewe anabaki kijijini.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo, ashtakiwe. Lakini ashtakiwe mahakamani, asikilizwe, wala naye asiteswe.

Tufanye nini?

Tumejifunza kusoma na kuandika. Tukitumie kisomo chetu. Ndugu akirudi na majeraha kutoka mahabusu, apelekwe hospitali mapema. Andikeni tarehe, mahali, na majina ya walioona. Tunzeni karatasi za daktari. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kule Hola wakubwa walisema ni maji. Ushahidi wa madaktari ndio uliowaumbua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vya Hola?
2. Je, fidia peke yake inatosha? Toa sababu.
3. Kati ya aliyeamuru na aliyepiga, nani ana kosa kubwa zaidi?