Wavuvi wa Wagenia

Mtoto mmoja wa Bukavu alikwenda Kisangani kumtembelea mjomba wake. Siku ya posho mjomba alimwambia: «Leo twende mtoni kwa Wagenia.»

Karibu na mji huo mto Lualaba unashuka juu ya mawe. Hapo ndipo mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, yanayoenea kilometa 100 hivi. Kutoka hapo mto unaitwa Kongo. Maji yanakwenda kwa nguvu na kelele nyingi. Mtu akiteleza, anachukuliwa.

Wagenia wanasimamisha miti mirefu katika mashimo ya mawe, katikati ya maji yale, na kuifunga kwa kamba za mwituni. Juu ya miti hiyo wanafunga vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji yanamsukuma samaki ndani, na nguvu ya maji inamzuia kutoka.

Mtoto aliona wanaume wamepanda juu ya miti, miguu mitupu, wanavuta kikapu. Akacheka: «Mjomba, kazi gani hii? Kwetu wanavua kwa taa tu!»

Mzee mmoja mvuvi alisikia. Hakukasirika. «Karibu, mwanangu. Wageni wengi wanakuja kututazama, lakini hawatuambii mambo ya kwao. Hiyo taa inavutaje samaki? Na wavu mnautega namna gani?»

Mtoto akanyamaza. Taa za wavuvi wa Ziwa Kivu aliziona tangu utoto, lakini hakuuliza hata siku moja. Akaona haya. Mzee akampa kamba: «Basi, vuta pamoja nasi.» Wakavuta sana. Samaki walikuwa wawili tu! Mjomba akanunua mmoja, wakamla siku ya Mungu.

Aliporudi Bukavu, mtoto alikwenda ziwani alfajiri. Wavuvi wakamwonyesha mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, na wavu wake, na taa zinazowavuta sambaza usiku. Wakamwambia pia kwamba sambaza si wa Kivu tangu zamani: waliletwa kutoka Ziwa Tanganika, kati ya mwaka 1958 na 1960.

Jioni mtoto akachukua karatasi, akaandika: «Mzee wangu wa Wagenia, sasa ninaweza kukujibu.»

Maulizo
Kwa nini samaki hatoki tena katika kikapu?
Watu wa kwenu wanavua namna gani? Uliza, kisha andika.