Dondoo muhimu: Mwanze na bao lipi?

Mnataka kuanzisha kikundi cha bao hapa Kitengela? Tazameni kwanza nani atakaa kucheza, ndipo mchague kanuni.

• Wengi wakiwa wageni, anzeni na bao la kujifunza. Kete zote 64 hupangwa mbilimbili katika mashimo 32, na mchezo huanza papo hapo.

• Bao la Kiswahili linataka subira. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kuna namua, hatua ya kuingiza kete za mkononi ubaoni, kisha mtaji, hatua ya kucheza kwa zilizo ubaoni tu, na shimo liitwalo nyumba lenye sheria zake. Bila mjuzi wa kuwaelekeza, msiliguse mwezi wa kwanza. Utamu wake ni mkubwa mno, lakini mgeni aliyepotea tangu namua harudi Jumamosi inayofuata, na kikundi kinamhitaji.

• Mna jirani mzee wa Kimaasai? Mwombeni awafundishe enkeshui, bao la Wamaasai. Ubao wake una safu mbili tu, ila msidhani ni mchezo mwepesi: hesabu yake ni nzito.

• Kubalianeni sheria kabla ya kete ya kwanza. Aliyejifunzia Lamu na aliyejifunzia Kajiado huenda hawachezi sawa.