Ukidaiwa urudishe fedha za korona za shambani

Mkulima wa Marekani aliyepokea fedha za msaada wa korona kutoka Wizara ya Kilimo, kisha akaandikiwa barua ya kumtaka azirudishe, ana siku 30 za kukata rufaa tangu siku aliyoipokea barua hiyo. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi na kuanza kulima mboga huku tunazipoteza siku hizo bure. Barua inakaa mezani ikimsubiri mtoto arudi shule aisome, na tukishaelewa inasema nini tunatafuta pa kukopa ili tulipe. Usilipe kwa woga kabla hujaelezwa kosa lako.

Mpango wenyewe, CFAP kwa kifupi, ulitangazwa mwaka 2020. Awamu ya kwanza ilitengewa dola bilioni 16, ya pili hadi bilioni 14, na maombi yakafungwa Oktoba 2021. Mkulima alijaza fomu namba AD-3114 na kuthibitisha mwenyewe takwimu zake. Wakaguzi walikuja kuulizia vielelezo baadaye, na hapo ndipo mizozo ilipozuka.

Chukua mfano wa mboga. Katika awamu ya pili, kiwango kilikuwa asilimia 10.6 ya mauzo ya mwaka 2019, kwa dola 49,999 za mwanzo. Aliyeuza lengalenga, bamia na nyanya chungu za dola 8,000 alistahili dola 848. Afisa akikubali mauzo ya dola 5,000 tu, stahili yako inashuka hadi dola 530, nawe unadaiwa 318. Asilimia hiyo huwezi kuipinga kwa rufaa, maana imewekwa kwa wakulima wote. Unachoweza kupinga ni hesabu ya mauzo yako, na wajibu wa kuthibitisha ni wako. Kwa hiyo kusanya daftari la sokoni, hata kama limeandikwa kwa Kiswahili na kuchafuka kwa udongo, stakabadhi za wateja wa jumla, na fomu ya kodi ya mapato ya shamba, Schedule F, ya mwaka ule. Masharti yalitaka kumbukumbu zitunzwe miaka 3. Mimi nasema usizitupe hata baada ya hapo.

Rufaa inapelekwa kwa chombo kinachoitwa NAD. Kiko ndani ya wizara, lakini hakiko chini ya ofisi iliyokuandikia barua. Andika kwa nini uamuzi si sahihi, ambatanisha nakala ya barua uliyoletewa, kisha utie saini wewe mwenyewe. Saini ya mwanao au ya wakili haitoshi. Una haki ya kupewa nakala ya jalada lako, na ya kusikilizwa ana kwa ana au kwa simu. Ukipenda kujaribu usuluhishi kwanza, uombe ndani ya siku zilezile 30. Hesabu ya siku itasimama, na mkishindwa kuelewana utaendelea na zile zilizobaki.

Kuna haki nyingine ambayo wachache wanaidai. Ukienda ofisi ya kilimo ya kaunti kuomba huduma, sheria inaitaka ofisi ikupe risiti inayoonyesha tarehe, mahali, ulichoomba na ulichojibiwa. Nimesikia mara nyingi mno wazee wakisema, “Waliniambia nirudi wiki ijayo,” na hakuna karatasi ya kuonyesha. Usitoke mlangoni bila risiti hiyo, hasa ukinyimwa ulichoomba.

Na kama unataka kujua jirani mwenye shamba kubwa alilipwa kiasi gani, hilo nalo unaruhusiwa kuuliza. Ramani na takwimu za ndani za shamba lake zinalindwa na sheria, ila jina la mpokeaji na kiasi alicholipwa ni taarifa za umma. Andika ombi kwa wizara chini ya sheria ya uhuru wa habari, FOIA. Huhitaji kuwa raia, wala hulazimiki kueleza unazitakia nini, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 20 za kazi.