Kivuli Kinachofichua

Kwa kawaida mwanga huonyesha vitu na kivuli huvificha. Mwezi Novemba mwaka 2008, katika uwanja wa Trafalgar jijini London, mambo yalikuwa kinyume. Mpita njia aliyeingia uwanjani usiku aliona ndani ya kivuli chake sura ya mtu asiyemfahamu, ikizinduka na kumkazia macho. Alipoondoka, sura ile iligeuka pembeni, kisha ikatoweka.

Kazi hiyo iliitwa Under Scan. Mtunzi wake ni Rafael Lozano-Hemmer, aliyezaliwa Mexico City mwaka 1967 na kusomea kemia ya kifizikia huko Montreal, Kanada. Ilikuwa imeonyeshwa kwanza mwaka 2005 katika miji ya kati ya Uingereza, ambako watu zaidi ya 1,000 walijitolea kupigwa picha za sinema, kila mmoja akijionyesha apendavyo.

Siri ya kwanza imo katika fizikia ya mwanga. Picha zilitupwa sakafuni na projekta, lakini projekta nyingine yenye nguvu kubwa ilimwaga mwanga mweupe juu yake. Jicho hutambua umbo kwa kulinganisha ukali wa mwanga wa sehemu mbili. Tuchukulie kwamba mwanga mweupe ni vizio 100, wa picha ni 5, na wa mazingira ni 1. Penye mwanga mweupe, jicho hulinganisha 106 na 101. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Mwili ukiuzuia mwanga mweupe, hulinganisha 6 na 1, na picha hudhihirika. Kwa sababu hiyo hiyo nyota hazionekani mchana ingawa zipo. Darasani yatosha kuwa na chumba chenye giza, taa kali, na tochi hafifu iliyozibwa kwa kadi iliyokatwa umbo la herufi. Vyote vielekezwe mahali pamoja ukutani, kisha mwanafunzi akinge taa kwa mkono.

Hata hivyo, kivuli peke yake hakiwezi kuifanya picha imtazame mtu. Kwa hiyo mfumo wa kompyuta ulikuwa ukifuatilia mahali alipo kila mpita njia. Njia iliyo ya kawaida katika mifumo ya namna hii ni kulinganisha picha ya mahali patupu na picha ya sasa. Penye mabadiliko huhesabiwa kuwa pana mtu. Kamera za ulinzi za mitaani zaweza kutumia hesabu hiyo hiyo. Basi furaha ya kutazamana na mgeni ilipatikana kwa sababu mtu alikuwa akipelelezwa, naye pengine hana habari.

Lozano-Hemmer hakutaka jambo hilo lifichike, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake. Kila baada ya dakika 7 picha zote zilisimama, na juu ya sakafu ikachorwa kwa mwanga mistari iliyopishana kama wavu wa mvuvi: ndiyo mistari ambayo mfumo ule uliitumia kupimia mahali pa kila mtu. Watu waliokuwa wakicheza na vivuli vyao wakajikuta wamesimama katikati ya wavu huo. Kamera ya ulinzi ya dukani haina desturi ya kujitangaza hivyo. Baada ya muda mfupi mwanga mweupe ulirudi, mistari ikafutika, na mfumo ukaanza tena kufuatilia.