Maji Maangavu Yasikudanganye: Somo la Kome Wavamizi

Tunaporutubisha bwawa la sato, tunataka maji yawe na ukijani kidogo, si ndiyo? Ule ukijani ni mwani mdogo mdogo, na ndio mwanzo wa chakula. Sasa jiulize, kukitokea kiumbe anayechuja mwani wote, nini kitatokea kule chini kwenye tope? Jibu tunalipata kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini.

Walifikaje?

Kome milia (Dreissena polymorpha) asili yake ni eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Alivuka bahari ndani ya maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe. Mwaka 1988 alionekana Ziwa St. Clair. Mwaka uliofuata ndugu yake, kome kwaga, akaonekana Ziwa Erie. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka milioni moja kwa mwaka, na watoto wao ni wadogo mno, huwezi kuwaona kwa macho wakielea.

Kilichotokea chini ya ziwa

1. *Chakula kilihama.* Kome mmoja huchuja takriban lita moja ya maji kwa siku. Sasa zidisha kwa maelfu katika kila mita ya mraba. Maji yakawa maangavu, watu wakafurahi. Kumbe mwani uliokuwa unazama kulisha viumbe wa kwenye tope umeishia tumboni mwa kome.

2. *Kome wa asili walikufa.* Wavamizi hujishikiza kwa nyuzi kwenye kitu kigumu, hata juu ya gamba la kome mwenyeji, mpaka anashindwa kufunguka na kula. Katika Ziwa St. Clair karibu wote waliisha ndani ya miaka michache.

3. *Kijidudu muhimu alitoweka.* Diporeia, jamii ya kamba mwenye ukubwa wa punje ya mchele, alikuwa kwa maelfu kwenye kila mita ya mraba ya tope la Ziwa Michigan. Baada ya kome kuingia alipungua hadi karibu kuisha. Wanasayansi bado wanajadili sababu zote, ila kunyang'anywa chakula ndiyo inayotajwa sana. Samaki wa biashara aliyemtegemea akakonda, na wavuvi wakaumia.

4. *Wengine walinufaika.* Kwenye maji ya kina kifupi, minyoo na wadudu wadogo waliongezeka, kwa sababu magamba yanawapa maficho na kinyesi cha kome kinawapa chakula. Kwa hiyo usihesabu wingi tu, angalia ni nani ameongezeka na nani amepotea.

Sisi linatuhusu nini?

Sisemi kome hawa wako Ziwa Victoria. Na kome wetu wa asili si adui, msiwaue! Lakini tumeshaona gugumaji lilivyotutesa, na mvamizi akishatanda ziwani kumtoa ni kazi isiyoisha. Mwenye vizimba anayehamisha mitumbwi, nyavu na vifaranga kutoka ziwa moja kwenda jingine anaweza kuwa ndiye meli yenyewe. Kwa hiyo:

- Safisha: ondoa tope, majani na magamba yote kwenye vyombo.
- Mwaga maji yote palepale ulipotoka, siyo ziwani unakokwenda.
- Kausha juani kabisa, walau siku tano, kabla ya kuingiza chombo kwenye maji mengine.
- Nunua vifaranga kwa mzalishaji anayejulikana, na maji ya kusafirishia usiyamwage ziwani.
- Ukiona kiumbe mgeni, mpige picha na umtaarifu afisa uvuvi wako mapema.

Na mara mojamoja chota tope chini ya kizimba chako, ulichekeche kwenye chekecheke, uone wanaoishi humo. Ukiwajua leo, kesho akikosekana mmoja utashtuka mapema.

Kazi njema, na vyombo vioshwe!