SOMO LA LUGHA: "Inapiga Kelele" – Kelele Gani?

Katika somo la leo tutatazama maneno ya sauti mbaya: sauti zinazokwaruza, zinazogongana, zinazoumiza sikio. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya mashine ya kusaga ya kijiji chetu.

Mashine hiyo ilianza kulia vibaya siku ya Jumatatu. Sisi wa kamati tukamwandikia fundi ujumbe kwa simu: "Mashine inapiga kelele sana, njoo haraka." Fundi anakaa mjini, mbali na kwetu. Aliposoma akadhani mkanda umelegea, maana mara iliyopita ulikuwa mkanda. Akaja na mkanda mpya. Kumbe mkanda ulikuwa mzima, kilichokufa ni beringi! Ikambidi arudi mjini. Kwa siku nne akina mama walitwanga mahindi kwa kinu, na nauli ya fundi tukailipa mara mbili.

Kosa halikuwa la fundi, lilikuwa la ujumbe wetu. Mashine ya kusaga hupiga kelele hata ikiwa nzima. Mama mmoja anayesaga pale kila juma alikwisha sema tangu siku ile ya kwanza: "Mkanda haulii. Inakwaruza kwa ndani, chuma kwa chuma, tena inanguruma hata ikiwa haina mahindi." Maneno hayo yangemtosha fundi. Lakini sisi tulioshika simu hatukuyaandika.

Basi tuyatazame maneno ya mama huyo, moja moja.

Kulia. Mkanda uliolegea huteleza juu ya gurudumu lake, ukatoa sauti nyembamba, kali na ndefu. Hapo tunasema mkanda unalia.

Kukwaruza. Kitu kigumu kinapita kwa nguvu juu ya kigumu kingine: sufuria inayoburutwa juu ya sakafu ya saruji, ukucha juu ya ubao, beringi iliyokauka grisi. Sauti yenyewe ni mkwaruzo, na zikiwa nyingi ni mikwaruzo.

Kunguruma ni sauti nene, ya chini, inayoendelea, kama radi ya mbali.

Mama hakusema "inagonga", na hapo pia alikuwa sahihi. Kugonga ni kupiga na kuacha, kupiga na kuacha: ko, ko, ko. Nyundo za mashine zikigusa chekeche, utasikia kugonga. Na msumari ukiingia pamoja na mahindi, utasikia kishindo, yaani sauti moja kubwa ya ghafla. Siku hiyo usikae kutafuta neno, zima mashine kwanza! Kishindo nacho si mwaliko. Gunia likianguka linatoa kishindo. Tawi kavu likivunjika linaalika.

Sasa tazama mwisho wa neno. Gonga ukiliongezea -na linakuwa gongana; kwaruza linakuwa kwaruzana. Vitu ni viwili sasa, na kila kimoja kinamfanyia mwenzake. Katika kwaya, mmoja akianza wimbo juu na wengine wakaupokea chini, tunasema sauti zinagongana, au hazioani. Zikikaa vizuri, zinaoana. Watu nao hukwaruzana. Ukisikia "mwenyekiti na katibu wamekwaruzana", usidhani walishikana mashati. Wametoleana maneno makali tu. (Ni wa kijiji gani, hatusemi.)

Na neno kelele lenyewe? Wengi wetu tunasema "makelele". Kwa mdomo hakuna ubaya, hata sisi tunasema hivyo. Lakini ukiandika, kelele inatosha: kelele imezidi, kelele zimezidi. Zogo ni kelele ya watu wengi wanaosema pamoja. Trekta halina zogo.

Sauti ya mtu nayo ina maneno yake. Aliyepiga mayowe usiku kucha kufukuza nguruwe shambani, asubuhi sauti yake imekauka. Watu wa pwani husema amepwelewa na sauti. Bahari ikipwa, maji hurudi nyuma, na chombo kilichoachwa pakavu kimepwelewa. Huyo naye sauti imempwa, ameachwa mkavu.

Hapa tukae kidogo, maana si jambo la mashine tena. Ukimpeleka zahanati mtoto mwenye kikohozi, ukasema "anapumua vibaya", mganga atalazimika kukuuliza mengi. Hebu msikilize mtoto wakati ametulia, halii. Sauti inatoka anapovuta hewa, au anapoitoa? Ni ya kukwaruza, au ni kama mluzi? Mluzi, hasa anapotoa hewa, huonyesha kwamba njia ndogo za hewa ndani ya kifua zimebana, kama kwa mwenye pumu. Mtoto huyo apelekwe akaonwe. Sauti ya kukwaruza anapovuta hewa huonyesha kwamba njia imebana huku juu, penye koo. Huenda pamevimba, au punje ya hindi imekwama. Mtoto akitoa mkwaruzo huo ilhali ametulia, hiyo ni dalili ya hatari. Usingoje kuche. Na ukifika, usianze na habari za kikohozi cha juma lililopita. Sema: "Anakwaruza anapovuta hewa, hata akiwa ametulia." Sentensi hiyo moja itamfanya mganga aache kalamu na kumshika mtoto kwanza.

ZOEZI

Andika majibu katika daftari lako.

1. Jaza neno linalofaa: kishindo, zogo, mwaliko, mkwaruzo.
(a) Mlango wa bati unapoburutwa sakafuni tulisikia ______.
(b) Mnada ulipoanza palitokea ______ kubwa.
(c) Nazi ilianguka juu ya paa kwa ______.
(d) Kuni kavu ilivunjwa, tukasikia ______.

2. Tunga sentensi mbili zenye neno "gongana": moja ya vitu, nyingine ya sauti za waimbaji.

3. Kaa karibu na pampu ya maji, baiskeli au cherehani inayolia vibaya. Mwandikie fundi ujumbe wa mistari mitatu juu ya sauti hiyo. Usitumie neno "kelele" hata mara moja. Kisha msomee mwenzako ambaye hajaisikia, umwulize anadhani kimeharibika nini.