Somo la Matombo: Mlima hauokolewi kwa siasa

Ndugu msomaji, siku hizi hapa Morogoro ukitaja tu hifadhi ya mazingira, mazungumzo yanageuka siasa. Huyu anauliza nani kasema, yule anauliza ni wa chama gani. Udongo na maji vinasahaulika. Mimi ni mwalimu, na kwa hakika hali hii inanichosha. Hebu turejee kwenye somo la historia yetu wenyewe.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Hoja yake haikuwa ya uongo: miteremko ilikuwa ikimomonyoka, na maji ya mto Ruvu yanatoka huko. Lakini njia iliyotumika ilikuwa amri. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na aliyekaidi aliadhibiwa. Isitoshe, sehemu nyingi za mlima udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kuliufukia na kuibua udongo mkavu usiozaa. Mtu anatoka jasho, kisha anavuna kidogo. Julai 1955 wananchi waliandamana Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa.

Malalamiko yale yaliipa nguvu TANU, na hapana shaka wananchi walikuwa na haki. Lakini tujiulize: ushindi ulipopatikana, udongo uliacha kuporomoka? Mkoloni aliufanya mlima kuwa suala la utii. Wapinzani wake wakaufanya suala la uhuru. Mlima wenyewe ukakosa wakili.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mkulima hachukii hifadhi, anachukia hasara. Kule Mgeta, ambako mboga humwagiliwa na kuuzwa hadi Dar es Salaam, matuta ya ngazi yanalimwa mpaka leo bila askari. Yanalipa.

Pili, anayefaidika na maji achangie gharama. Katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango Kibungo Juu ambapo wakulima walilipwa kwa kutunza ardhi ya chanzo cha Ruvu. Hapo mkulima hakuitwa mharibifu, bali mshirika.

Tatu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, hiyo ni sadaka yake. Hakusharti mkutano wala bango.

Sisemi siasa haina nafasi. Sheria hutungwa na wanasiasa, na dhulma ya 1955 isingeondoka kwa kunyamaza. Nasema siasa ikishachukua ushindi wake huondoka, na mteremko hubaki na mkulima. Kwa hiyo, anayekuja kutuhamasisha juu ya Uluguru, awe wa serikali, wa chama au wa harakati, tumuulize swali moja: mvua za masika zikishapita, utarudi kuangalia udongo?

Wallahu a'alam.